Kuchagua DB ya nyumba ya vyumba vitatu: je, breka peke yake zinatosha?

MwanaKigamboni

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninajenga nyumba ya vyumba vitatu huku Kigamboni, kama kilomita mbili hivi kutoka baharini, na sasa nimefika hatua ya umeme. Mabomba ya nyaya yamekwisha kulazwa ukutani, plasta imepigwa, na fundi wangu amenipa orodha ya vitu vya kununua ili aje avute nyaya. Katika orodha hiyo ameandika DB, yaani kisanduku cha kugawia umeme, ya plastiki ya njia sita pamoja na breka sita: mbili za ampea 10 kwa ajili ya taa, tatu za ampea 32 kwa ajili ya soketi, na moja ya ampea 32 kwa ajili ya hita ya kuogea. Waya wa soketi ameandika 2.5, na wa hita ameandika 4, yaani unene kwa milimita za mraba.

Nilipokwenda Kariakoo kuulizia bei, duka la kwanza walinipa vitu hivyo bila maswali. Duka la pili, mzee mmoja aliyekuwa kaunta aliisoma orodha yangu, akatikisa kichwa, kisha akaniwekea mezani DB ya chuma iliyo kubwa zaidi, ikiwa na kifaa kipana chenye kitufe kidogo cha kubonyeza, ambacho alikiita RCD. Bei yake ilizidi mara tatu ya ile ya kwanza. Nilimpigia simu fundi palepale, naye akasema hicho ni kitu cha mahotelini, nisipoteze fedha, kwa kuwa breka "zinakata zenyewe mtu akipigwa shoti".

Vitu ninavyotarajia kutumia ni hita moja ya kuogea ya wati 5,500, viyoyozi viwili vya BTU 12,000, pampu ya maji ya nguvu ya farasi mmoja, friji, televisheni, birika la umeme na pasi. Kupika tutatumia gesi. Naomba mnisaidie kwa mambo matatu: DB ya njia ngapi inanifaa, hiyo RCD ni ya lazima au ni mbwembwe, na kwa mtu anayekaa karibu na chumvi ya bahari, achukue plastiki au chuma?

Mzee wa Tesita

Ndugu MwanaKigamboni, umeuliza habari za kisanduku, lakini niruhusu nianze na neno la fundi wako, kwa kuwa ndilo lililonishtua. Breka haimkingi mtu na shoti. Kazi ya breka ni kuulinda waya usiungue, basi. Ichukue breka ya ampea 20 uisome usoni: utakuta imeandikwa C20. Breka hiyo ikibebeshwa ampea 29, inaruhusiwa kukaa hadi saa nzima kabla ya kukata, na ili ikate papo hapo inataka mkondo wa kati ya ampea 100 na 200. Sasa linganisha na mwili wa binadamu. Mkondo unaozidi miliampea 30 ukipita kifuani kwa muda mfupi tu unaweza kuuvuruga moyo, na ampea 20 ni zaidi ya mara mia sita ya hizo miliampea 30. Mtu atakuwa ameshikwa na umeme, anakata roho, na breka imetulia kabisa, kwa sababu kwa upande wake hakuna lililoharibika.

Fundi wako huenda atajibu kwamba ipo ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Hapo ndipo penye jambo ambalo mafundi wengi hawalipigii hesabu. Kwa nyumba nyingi za huku kwetu, kutoka nguzoni zinaletwa nyaya mbili, wa moto na wa nyutro, na ethi unajitafutia mwenyewe kwa kuchimbia nondo ya shaba pembeni mwa nyumba. Tuseme nondo yako ikipimwa ina ukinzani wa omu 50, ambao kwa mchanga mkavu wa pwani ni wa kushukuru. Waya wa moto ukigusa bati la hita, volti 230 zikigawanywa kwa omu 50 zinatoa ampea 4.6. Breka ya 20, ya 32, hata ya 6, haitaushtukia mkondo huo. Bati la hita litabaki na umeme siku nzima, likimsubiri atakayeingia kuoga akiwa miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji.

RCD inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Inapima mkondo unaokwenda kwa waya wa moto na ule unaorudi kwa nyutro, na kama kinachorudi kimepungua kwa miliampea 30, maana yake kuna mahali kinavuja, basi inakata kwa muda usiofika theluthi moja ya sekunde. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni kwamba kwa nyumba inayotegemea nondo yake yenyewe, RCD ndiyo kitu cha kwanza cha kununua, na kama fedha zimebana, afadhali uahirishe kiyoyozi kimoja. Ila nisikudanganye kwamba ni kinga ya kila kitu: mtu akishika waya wa moto kwa mkono huu na nyutro kwa mkono huu, huku amesimama juu ya kitu kisichopitisha umeme, RCD haitajua kama ameshika yeye au imewashwa taa.

Unapoinunua, tazama mambo mawili usoni pake. Kwanza iwe imeandikwa 30 mA au 0.03 A, kwa sababu zipo za miliampea 100 na 300 ambazo zimekusudiwa kuzuia moto, si kuokoa mtu, na ukizitazama upesi zinafanana. Pili, tazama alama ya wimbi. Yenye wimbi peke yake ni aina ya AC. Yenye wimbi na chini yake vilima vidogo vya nusu wimbi ni aina ya A. Viyoyozi vya siku hizi vya inveta na mashine za kufulia zina vifaa vya kielektroniki ndani, kwa hiyo chukua aina ya A.

Turudi kwenye ukubwa. Nimejumlisha vitu vyako: hita 5,500, viyoyozi viwili kama 2,400, pampu 750, birika 2,000, pasi 1,200, na friji, televisheni pamoja na taa tuziwekee 500. Jumla ni wati 12,350, ambazo kwa volti 230 ni kama ampea 54, hata vyote vikiwashwa dakika moja, jambo ambalo ni nadra. Swichi kuu ya ampea 63 inakutosha. Lakini njia sita hazikutoshi hata kidogo. Ningegawa hivi, kila sakiti ikiwa ni njia yenye breka yake: taa sakiti mbili, soketi za sebuleni na vyumbani sakiti mbili, soketi za jikoni peke yake, hita peke yake, kila kiyoyozi na yake, pampu, na taa za nje pamoja na geti. Hizo ni kumi. Swichi kuu inakula nafasi mbili, RCD mbili zinakula nne, na kizuia radi kinakula mbili. Tayari ni nafasi 18. Nunua kisanduku cha nafasi 24, kwa sababu baada ya mwaka utataka banda la kuku, kamera na mashine ya kufulia, na hakuna kinachonisikitisha kama kuona nyaya mbili zimebanwa chini ya skrubu moja kwa kuwa nafasi zimekwisha.

Katika orodha yako kuna kosa ambalo lazima lirekebishwe kabla hata hujanunua: breka ya ampea 32 kwa waya wa soketi wa 2.5. Kama fundi anaipeleka sakiti hiyo kwa mzunguko, yaani waya unatoka kwenye breka, unazunguka soketi zote na kurudi kwenye breka ileile, hapo 32 inakubalika. Lakini wengi wetu huku tunavuta waya mmoja unaoishia soketi ya mwisho, na kwa mtindo huo weka breka ya 20. Ukiweka 32, waya utaanza kuiva ndani ya bomba na breka bado inauona mzigo ni wa kawaida. Kwa hita, wati 5,500 ni ampea 24, hivyo breka ya 32 na waya wa 4 si vibaya, ingawa mimi kwa nyumba yangu niliweka waya wa 6.

Mkaazi wa Nyali

Mzee wa Tesita amemaliza habari ya RCD, kwa hiyo mimi nitachangia hili la chumvi, kwani nimeishi Mombasa miaka mingi, na stima ya nyumba yangu imenifunza kwa gharama.

Kisanduku changu cha kwanza kilikuwa cha chuma cha bei nafuu, kimepakwa rangi nyepesi. Baada ya miaka minne mlango wake ulikuwa umeota kutu kwenye bawaba hata haufunguki bila bisibisi. Hata hivyo kutu ya mlango ni jambo la kuudhi tu, haikuwa hatari. Hatari ilikuwa ndani. Upepo wa bahari unapoingia, skrubu na ule upau zinapofungwa nyaya za nyutro huota ukungu wa kijani, mshiko unalegea, na pale palipolegea panapata joto. Siku moja jioni tulisikia sebuleni harufu kama ya samaki aliyeoza, tukatafuta jikoni, tukatafuta nyuma ya friji, tusione kitu. Harufu ile ilikuwa plastiki ya breka inaiva taratibu. Fundi alipofungua, waya wa nyutro wa hita ulitoka kwa kuvutwa na vidole viwili.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi plastiki au chuma, nitakujibu kwamba vyote vinafaa vikiwa vimetengenezwa ipasavyo, na vyote vinaua vikiwa vya ovyo. Uingereza tangu Januari 2016 wanataka visanduku vya nyumbani viwe vya kitu kisichoungua, kwa kawaida chuma, baada ya kuona moto unaanzia kwenye viungo vilivyolegea na kisha plastiki yenyewe inauendeleza. Hoja yao ina uzito. Lakini chuma cha huku pwani kinataka rangi nzito iliyookwa, na ukikitoboa ili kupitisha bomba, pale ulipotoboa pake rangi tena siku hiyohiyo, kwa sababu kutu huanzia hapo. Ukichukua plastiki, iwe ile ngumu isiyoendeleza moto, yenye alama ya shirika la viwango, si ile laini inayobonyea kwa kidole gumba.

Kisha mwambie fundi akaze skrubu zote mara mbili: siku ya kufunga, na tena baada ya mwezi mmoja wa matumizi, umeme ukiwa umezimwa, kwa kuwa shaba hujipanga upya baada ya kupata joto na kupoa. Matundu yote yasiyotumika yazibwe. Mimi nimewahi kukuta nyigu wamejenga nyumba ya udongo katikati ya breka mbili. Na kisanduku kikae ndani, mahali pakavu, usawa wa macho, mbali na bafu, wala kisiwe ukuta ambao juu yake limekaa tangi la maji.

Msafiri wa Dodoma

Nawaheshimu waliotangulia, lakini naomba upande wa pili nao usikike. Niliwekewa RCD mwaka juzi kwa kusifiwa namna hiihii. Kila mvua ikinyesha, nyumba nzima inazimika. Tulisafiri siku tano kwenda msibani, tukarudi tukakuta friji limezimika, nyama yote imeharibika, na nyumba haikaliki. Fundi aliyekuja akaunganisha nyaya kwa kuipita RCD pembeni, na tangu hapo sijapata usumbufu wowote. Sasa kinga gani hiyo ambayo inakutesa kila masika?

Mzee wa Tesita

Pole kwa msiba, ndugu Msafiri, na pole kwa hasara. Malalamiko yako ni ya kweli na ninayasikia kila msimu wa mvua, lakini tafadhali usiache hiyo RCD ikiwa imepitwa pembeni. Kitu kinachokata mvua inaponyesha kinakuambia kwamba kuna mahali maji yanakutana na umeme, na mahali hapo bado papo. Tofauti ni kwamba sasa hakuna anayekuambia.

Nitakusimulia nyumba moja niliyoitiwa kwa tatizo kama lako. Tulizima breka zote, tukairudisha RCD, kisha tukawasha breka moja baada ya nyingine huku mtoto wa nyumba akimwagia maji ukuta wa nje kwa ndoo. Tulipofika breka ya taa za nje, ikakata. Tukafungua taa ya geti: ndani palikuwa na mjusi mkavu amelala juu ya viungo, na chini yake maji kiasi cha kijiko. Tuliibadilisha taa, tukaziba tundu la waya, na nyumba ile haijazimika tena kwa mvua. Lile geti lilikuwa la chuma, nalo taa ilikuwa imefungwa juu yake.

Kuhusu friji, kosa halikuwa lako wala la RCD, bali la mpangilio. Nyumba nzima ikiwekwa chini ya RCD moja, taa ya geti inaizima friji. Ndiyo maana kwa MwanaKigamboni nilihesabu RCD mbili: moja ibebe taa za nje, pampu, hita na nusu ya soketi, nyingine ibebe yaliyobaki. Mwenye uwezo zaidi aiwekee sakiti ya friji kifaa chake peke yake, kile ambacho ni breka na RCD kwa pamoja katika mwili mmoja. Lakini hapa fundi awe makini: kila RCD iwe na upau wake wa nyutro, na nyutro za upande huu zisichanganywe na za upande ule. Zikichanganywa, RCD zitakata kila ukiwasha taa, fundi atasema ni mbovu, na wewe utakuja hapa kulalamika.

Jambo la mwisho nililolisahau jana ni breka bandia, kwani zimejaa sokoni. Breka nzuri ya nyumbani ina kisanduku kidogo usoni kilichoandikwa 6000 au zaidi, maana yake nyaya zikigusana inaweza kukata mkondo wa ampea 6,000 bila kupasuka. Bandia nazo huandikwa hivyohivyo, kwa hiyo ishike mkononi. Nyepesi sana ni ya kutilia shaka. Niliwahi kupasua moja iliyoungua, nikakuta ndani hakuna vile vibati vilivyopangwa kama kitabu ambavyo kazi yake ni kuikata cheche vipandevipande. Palikuwa patupu. Nunua kwa duka linalokupa risiti na litakalokubali ukirudisha, na umwombe mwenye duka akuoneshe alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania.

MwanaKigamboni

Ndugu zangu, nawashukuru sana. Niliyachapisha maneno yenu, nikamwita fundi tukakaa naye juu ya ndoo za rangi, tukayasoma pamoja. Mwanzoni alikasirika kidogo, hasa pale pa breka za 32, lakini alipofika hesabu ya omu 50 alinyamaza kwa muda, kisha akasema twende tukaitazame nondo ya ethi, kwa kuwa aliyeichimbia ni kijana wake na yeye hakuwepo siku hiyo.

Tulifukua. Nondo ilikuwa imeingia kama sentimita 40 tu, ikagonga jiwe la matumbawe, na kijana akaikata kwa msumeno juu ya jiwe na kufukia. Kwa macho ilikuwa nzima kabisa. Nimekodi mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ambaye kwa vyovyote ningemhitaji kwa ajili ya fomu za kuomba umeme, akaja na kipimo chake: mabaki yale yalisoma omu 310. Tumehamia upande wa bafu ambako ardhi huwa na unyevu, tukachimbia nondo mbili nzima zilizoachana mita tatu, tukaziunganisha kwa waya wa shaba, na zimesoma 46.

DB nimechukua ya chuma ya nafasi 24, RCD mbili za miliampea 30 aina ya A, soketi breka za 20. Swali langu la mwisho: fundi anataka afukie vichwa vya nondo na kupiga zege juu ili watoto wasijikwae. Nimkubalie?

Mzee wa Tesita

Usimkubalie. Vichwa vya nondo vijengewe kisima kidogo cha zege chenye mfuniko unaofunguka, ili kile kibano kinachoshika waya kionekane na kukazwa, na ili siku ya kupima tena mwishoni mwa kiangazi, mchanga ukiwa umekauka, usilazimike kuvunja. Hiyo 46 umeipima wakati wa unyevu. Itapanda, lakini kwa RCD ya miliampea 30 bado uko salama hata ikifika 150. Na umeme ukishaunganishwa, kabla hujahamia, bonyeza kile kitufe cha RCD uone kama zinaanguka zote mbili, yaani zinakata umeme, kisha ubonyeze tena kila baada ya miezi mitatu. Isiyoanguka ing'olewe siku hiyohiyo, hata kama taa zinawaka.

MwanaKigamboni

Nimeelewa, mzee wangu. Matofali ya kisima yapo, kesho asubuhi kijana ataanza.